Bluu Katika Tanki la Kulia

Saa moja na dakika kumi na nane asubuhi, Jumamosi, ndege ya Mzee Nikolausi ilikuwa imelalia pua katikati ya shamba la mbaazi, mita mia tatu kutoka mwisho wa kiwanja chake mwenyewe huko Getanuwas. Pangaboi lilikuwa limepinda kama kijiko. Wavunaji walikuwa wameshamtoa mzee. Alikaa chini, ameushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akirudia maneno yaleyale: "Imezima. Imezima tu."

Sajini Rogathe alifika kutoka kituo cha Katesh saa tatu na nusu, mzee akiwa tayari amepelekwa hospitali. Rogathe alikuwa mpelelezi mwenye stashahada ya maabara, watoto watatu na subira kidogo. Aliizunguka ndege mara moja, akawafukuza watu waliokuwa wakipiga picha, kisha akamwendea mwanamke mzee aliyesimama peke yake ukingoni mwa shamba, amejifunika mgolole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alikuwa Mama Marieta, mke wa Nikolausi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. "Ameumia bega tu. Mungu mkubwa. Bega tu."

"Nani alikuwa na ufunguo wa banda la ndege?"

"Renatus, mlinzi wetu. Mwingine unaning'inia jikoni kwangu."

"Renatus yuko wapi?"

Mama Marieta alifungua mdomo, akaufunga. "Hayupo," alisema.

Kwa kweli Renatus alikuwa ameshakamatwa. Askari wa doria walimkuta saa tatu kamili kwenye barabara ya Katesh, kikapu cha mayai mkononi, na watu wa Getanuwas hawakuhitaji zaidi ya hapo. Watatu kati yao walikuwa tayari kuapa kwamba Jumatano iliyopita walimsikia akimfokea mzee mbele ya banda: "Hii ndege itakuua!"

Rogathe aliingia ndani ya ndege. Ilikuwa ya injini moja, viti vinne, mabawa chini ya madirisha, na tanki la mafuta katika kila bawa. Kati ya viti alikuta daftari la safari, limeandikwa kwa mwandiko wa duara, safi, kila mstari na tarehe yake. Alisoma mistari miwili ya mwisho. *Jumatatu, Mbulu na kurudi. Tanki la kulia. Alhamisi, kuzunguka Dirma na kurudi. Tanki la kushoto.* Juu yake ilikuwa hivyohivyo, kulia na kushoto kwa zamu, tangu Aprili. Kabla ya Aprili mwandiko ulikuwa mwingine, wa kukimbia na wenye madoa ya grisi.

Chini ya kila bawa kulikuwa na vali ndogo ya kutolea mafuta ya kukagua. Rogathe alikinga chupa chini ya vali ya kulia, akajaza nusu. Kilichotoka kilikuwa cha bluu. Alifuta vidole kwa leso yake nyeupe, akaitia mfukoni.

Hospitali, saa tano na robo, Mzee Nikolausi alikuwa na bandeji begani na hasira ya mtu aliyefunzwa kazi vizuri. Ujanani alikuwa rubani wa kunyunyizia dawa mashamba ya ngano, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hajui.

"Shikamoo mzee. Ulikagua kabla ya kuruka?"

"Marahaba. Wewe unapika ugali bila kuchemsha maji? Nilikagua. Nilikinga kikombe kila tanki. Mafuta ya ndege hizi huwekwa rangi ya bluu kiwandani, mtu asiyachanganye na mengine. Maji yakiingia yanakaa chini, meupe, unayaona kama shanga. Sikuona shanga. Niliona bluu, kushoto na kulia."

"Siku zote unakagua mwenyewe?"

Mzee alikohoa. "Renatus hunisaidia. Leo hakuwepo."

"Halafu?"

"Nikawasha kwa tanki la kushoto, nikapasha injini. Siku yoyote napasha kwa kushoto, mazoea ya miaka arobaini. Halafu nikahamishia la kulia, maana leo ilikuwa zamu yake. Nikaruka saa moja na robo. Futi mia mbili juu, kimya."

Rogathe aliandika maelezo, akampa kalamu asaini. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa mzima kabisa, na haukutetemeka. Hata hivyo saini iliangukia chini kabisa ya karatasi, vidole vinne kutoka kwenye mstari.

"Hapo hapo?" mzee aliuliza.

"Hapo hapo," Rogathe alisema.

Saa tisa alasiri alifika Tadei, fundi wa ndege kutoka Arusha, mtu mfupi asiyependa maneno. Alikinga kushoto, akamwagia tone kiganjani. Likakauka kabla hajamaliza kupumua. Akakinga kulia, akamwagia tone. Likabaki.

"Haya si mafuta," alisema. "Ni maji."

"Ya bluu?"

"Mimi nimesema ni maji, afande. Rangi utaitafuta wewe. Tanki la kushoto ni safi. La kulia limetiwa kama dumu zima. Maji ni mazito, yamekaa chini, na injini inanyonya chini."

"Kwa nini litiwe moja tu?"

Tadei alinyanyua mabega. "Ningekuwa nataka kuua ningetia yote."

Kufikia jioni hiyo jina la pili lilikuwa limeletwa kituoni: Gidion, mfugaji wa Gehandu, ambaye ng'ombe wake aligongwa na ndege hiyo mwezi Juni ikiwa inatua. Rogathe alimkuta Jumapili asubuhi zizini, anakamua.

"Ulimchukia Mzee Nikolausi?"

"Sana," Gidion alisema bila kugeuka. "Ng'ombe alikuwa na mimba. Nikamwuliza mzee, hukumwona? Ng'ombe mwekundu, kwenye majani makavu, saa sita mchana! Akanijibu eti ng'ombe wangu alijificha. Ng'ombe anajificha, mama? Nyuma ya nini?"

"Ukamtilia maji."

"Wapi?"

"Kwenye ndege. Nionyeshe anapotia mafuta." Rogathe alichora ndege kwa kijiti juu ya vumbi.

Gidion aliacha chuchu, akachuchumaa, akautazama mchoro kwa makini. Kisha akaweka kidole puani mwa ndege, palepale penye pangaboi. "Si hapa? Kama pikipiki, mbele ya dereva."

Rogathe alifuta mchoro kwa kiatu. "Endelea kukamua."

Kituoni alimkuta Yusta, mke wa Renatus, amekaa benchi tangu alfajiri na chupa ya uji iliyokwisha kupoa.

"Shikamoo afande. Wanasema kesho saa nne anapelekwa mahakamani, kwa kujaribu kuua. Ni kweli?"

"Marahaba. Ni kweli, nisipopata mwingine."

"Basi mpate," Yusta alisema. "Mimi sijui kuomba vizuri zaidi ya hapo."

Rogathe alimtoa Renatus mahabusu. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mrefu, na aliongea akitazama sakafu.

"Ulimfokea mzee Jumatano."

"Nilimfokea."

"Kwa nini?"

"Alinikataza nisiseme."

"Renatus, kesho unakwenda kushtakiwa. Mzee amelala kitandani anakunywa supu. Sema."

"Nimekula kwake miaka kumi na tisa," alisema.

"Haya. Jana asubuhi ulikuwa unakwenda wapi?"

"Mama alinituma mayai kwa katekista, Katesh. Saa kumi na mbili na nusu. Nikamwambia mama, leo mzee anaruka, ngoja nimkagulie kwanza. Akasema nenda tu, atakagua mwenyewe."

"Hilo uliwaambia waliokukamata?"

"Niliwaambia. Wakasema mama wamemwuliza, hakumbuki."

Mchana huo, saa nane, Rogathe alikuwa nyumbani kwake amejikunja juu ya beseni. Jumatatu ilikuwa inakuja na mashati matatu ya shule yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Aliyafua, akayasuuza, kisha akachota maji safi, akatia unga wa bluu ya kufulia, akakoroga. Aliingiza shati la kwanza. Akakumbuka leso, akaitoa kwenye mfuko wa sare aifue pamoja na mengine.

Leso ilikuwa imekauka. Pale alipofutia vidole palikuwa na doa la bluu, lenye ukingo mkali. Aliliweka kando ya tone la beseni lililokaukia kwenye saruji. Rangi ilikuwa moja.

Alisimama, mikono inachuruzika, akaiendea chupa ya kielelezo aliyokuwa ameifungia kabatini. Tangu jana haikuwa imeguswa. Juu, maji yalikuwa yameanza kuwa meupe. Chini kulikuwa na tope laini la bluu, unene wa ukucha.

Stashahada ya maabara haikuwa imemsaidia kitu. Mashati yalikuwa yamemsaidia.

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, alikuwa sebuleni kwa Mzee Nikolausi, Getanuwas. Mzee alikuwa ameruhusiwa, mkono umening'inizwa shingoni. Nje, kwenye kamba, majoho ya kwaya yalipepea, meupe kiasi cha kuumiza macho. Mama Marieta alileta chai. Rogathe hakuigusa.

"Mzee, nisomee mstari wa mwisho." Alimpa daftari la safari.

Mzee alilishika kwa urefu wa mkono, akalirudisha karibu. "Alhamisi," alisema kwa sauti ya rubani. "Mbulu na kurudi. Tanki la kushoto."

"Imeandikwa Dirma."

Mzee alilifunga daftari, akaliweka magotini.

"Tangu Aprili huandiki mwenyewe, kwa sababu huoni," Rogathe alisema. "Hukumwona ng'ombe mwekundu saa sita mchana. Renatus ndiye alikuwa macho yako, na alipokwambia ndege itakuua alikuwa anakuonya, ukamkataza kusema. Amekaa mahabusu siku mbili na bado hajasema." Akamgeukia mwanamke. "Mama, majoho ya kwaya nani anafua?"

"Mimi."

"Unatia bluu?"

Mama Marieta aliitazama chupa iliyowekwa mezani. Tope lilikuwa limetulia chini. Alivuta kiti, akakaa.

"Aliyetia maji alijua vitu vitatu," Rogathe aliendelea. "Alijua kikombe kinakaguliwa, ndiyo maana akatia rangi. Alijua Renatus hadanganywi kwa rangi, ananusa na kupima, ndiyo maana Renatus akatumwa mayai. Na alijua zamu ni ya tanki la kulia. Renatus hujaza yote mawili, zamu haijui. Inajulikana na anayeandika daftari. Huu ni mwandiko wa mwalimu."

"Marieta?" mzee alisema.

"Ndiyo, mimi."

"Ulitaka kuniua?"

"Nilikuzuia!" Sauti yake ilipanda mara moja tu. "Nilificha ufunguo wa ndege, ukachonga mwingine. Nilimleta padri, ukamtania. Safari ya Mbulu, nimekaa kando yako, ulitaka kutua barabarani, nikakupigia kelele nikidhani ni utani wako. Unakumbuka pikapu yetu ilipotiwa dizeli yenye maji? Haikufika hata getini. Nikasema ndege nayo itazimia bandani. Utaifungua, utaisafisha, utaudhika, mwezi utapita. Nami ningepata mwezi."

"Maji meupe angeyaona, angeyamwaga, angeruka," Rogathe alisema.

"Ndiyo. Kwa hiyo nikatia bluu."

"Lakini ndege haikuzimia bandani. Mzee hupasha injini kwa kushoto, halafu ndipo anahamisha. Hilo halimo kwenye daftari."

"Sikujua." Mama Marieta alimtazama mumewe. "Mimi ikianza tu kunguruma nafumba macho nasali mpaka iwe juu. Miaka yote hiyo sijawahi kuona unagusa nini."

Rogathe aliivuta chupa upande wake. Kisha akasema lile alilokuja kulisema. "Hayo utamwambia hakimu, na mimi nitaandika kwamba nayaamini. Lakini uliulizwa kama ulimtuma Renatus, ukasema hukumbuki. Mke wake amekaa kwenye benchi langu na uji wa baridi. Hilo hukulifanya kwa kumpenda mtu."

Mama Marieta aliinamisha kichwa. "Nilidhani watamwachia. Kila saa nilidhani watamwachia."

"Sasa watamwachia." Rogathe alipiga simu kituoni, akaongea maneno machache, akatazama saa. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. "Chukua mgolole wako, mama. Kuna baridi."

Mwanamke alisimama. Mlangoni alisita, akarudi, akausogeza mto nyuma ya bega la mumewe, akatoka. Majoho yalimpiga usoni alipopita chini ya kamba.

Mzee Nikolausi alibaki na daftari magotini.

"Safari ya Jumamosi haijaandikwa," alisema. "Kila safari lazima iandikwe. Hata hiyo."

Daftari lilikuwa kielelezo. Rogathe alijua hivyo vizuri. Alifungua ukurasa mpya kabisa, mbali na mwandiko wa duara, akatoa kalamu.

"Sema."

"Jumamosi. Getanuwas kwenda Mbulu. Haikufika. Dakika moja angani." Akaongeza, "Tanki la kulia. Rubani hakuona."

Rogathe aliandika neno kwa neno, akamshika mkono, akaiweka ncha ya kalamu juu ya mstari.

"Hapo hapo?" mzee aliuliza.

"Hapa," alisema, na hakumwachia mkono mpaka saini ilipokwisha.