Uzi Mwekundu wa Miche ya Mipera

"Usinisogelee, Venance! Ukipiga hatua moja namwaga mfuko wote kwenye miche yako."

Venance alisimama katikati ya bustani yake ya miche, kando ya barabara Mbezi Beach. Mbele yake Eufrazia, mchumba wake, alikuwa ameinua mfuko uliojaa majani ya mpera yaliyojikunja. Gauni lake la kitenge cha njano lilikuwa na matope mpaka magotini.

"Frazia, mama, tuongee taratibu. Wateja wanaangalia."

"Waangalie! Bustani yangu ya Segerea imekwisha. Kila jani limekunjwa na kushonwa nyuzi, kiwavi yumo ndani anatafuna. Napiga dawa, haimfikii."

"Hao viwavi ni watoto wa nondo, na nondo wanaruka, mpenzi. Wametoka kwa jirani zako."

"Huyu wa kahawia, akitua mabawa kama kengele? Katoka kwako! Mayai yalikuwa kwenye majani ya ile mipera uliyoniletea, bapa, yamelaliana kama magamba ya samaki. Mie nikadhani uchafu."

Walikutana Kinondoni sokoni, wakigombea gunia la mwisho la mbolea. Venance alimwachia gunia, akaondoka na namba yake ya simu. Walipoanza uchumba akamletea zawadi ya mipera, kila mche umefungwa uzi mwekundu shinani. Eufrazia aliona ni urembo. Alipiga nayo picha, akairusha kwa mashoga zake wote.

"Leo nimekuja kukulilia," alisema, "nikapita kwenye kona yako ya miche migonjwa. Yote ina uzi mwekundu. Kumbe wewe mche mgonjwa ndo unaufungaga hivyo!"

Venance alitazama viatu vyake.

"Nilitaka uchoke na ile bustani. Nilikubembeleza uifunge, uje tukae huku, ukakataa."

"Kwa hiyo uning'oe kwanza, ndo unioe?"

"Ni mapenzi, Frazia wangu." Alisema akirudi nyuma.

"Kiwavi wako ukimgusa anafanya hivyohivyo. Anarudi nyuma mbio, kisha anajidondosha kwa uzi, ananing'inia."

Simu ya Venance ikaita mezani, karibu na mikebe ya udongo. Ni mama yake. Eufrazia akaiwahi, akaweka sauti kubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu! Mshenga kashapiga suti pasi. Jumamosi yuko kwenu, mchana tu."

Eufrazia aliishika simu kwa mikono miwili. Mama huyu alimpenda.

"Asije, mama. Posa siipokei."

"Heh! Mwanangu, kuna nini?"

"Muulize Venance, yupo hapa."

"Mama..." Venance alianza, akapiga hatua nyingine nyuma.

Eufrazia aliilaza simu mezani taratibu, bado inaongea. Akachagua safu ya mipera iliyostawi kuliko zote, akageuza mfuko juu yake, akaukung'uta mpaka jani la mwisho likadondoka. Kisha akavuka barabara, akasimamisha bajaji.

"Segerea," alisema.