Sahihi ya Mama

Kila Jumanne asubuhi Wanda Tackett aliweka begi lake garini, akavuka mto. Ng'ambo, katika kaunti jirani, alikuwa mpishi wa mkahawa. Alipanga chumba huko na kurudi nyumbani Jumapili, kabla ya ibada.

Binti yake, Nadine, alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kidogo cha mjini kwao, Arkansas. Jioni alipika maharage na mkate wa mahindi. Akapanga sahani tatu, kisha akairudisha moja kabatini. Mkono wake ulikuwa haujazoea.

Mji wao haukuwa na mkahawa. Kaunti yao ilikuwa kavu, pombe haikuuzwa popote. Wenye mitaji walikuja, wakalitazama ghala la zamani pale katikati ya mji, wakauliza kama divai itaruhusiwa. Wakiambiwa hapana, hawakurudi tena.

Darasani Nadine alijifunza kwamba sheria ya jimbo inaiachia kila kaunti iamue. Wapiga kura wa kutosha wakisaini ombi, swali hupelekwa kwenye kura. Basi akachukua karatasi, akaanza kukusanya sahihi.

"Watu wananiuliza kanisani," alisema baba yake, Otis, wakiwa mezani. "Binti yako anazunguka na makaratasi ya pombe."

"Waambie nataka mama arudi."

"Kwani mimi sitaki? Lakini nilimzika Vernon. Chupa ndiyo iliyomuua ndugu yangu. Usinitake nisahau."

Baba mdogo Vernon ndiye aliyemfundisha Nadine kuendesha baiskeli.

Ijumaa alimpelekea karatasi zake jirani yao, Bi Imogene Pruitt, aliyefanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya karani wa kaunti. Bi Imogene alikuwa barazani akimenya kunde. Akajifuta mikono, akasoma jina moja moja kwa kidole.

"Clyde Mabry na mkewe wana mwandiko mmoja?"

"Mkewe alikuwa anakaanga samaki. Clyde akasema atamwandikia."

"Mh. Kwa Clyde nyumba nzima ni Clyde." Kidole kikashuka, kikasimama. "Na mama yako? Yuko ng'ambo tangu Jumanne. Tarehe hii ni ya Jumatano. Alisaini kwa upepo?"

"Nilijua angekubali."

"Pengine. Ulimuuliza?"

Nadine akatazama maganda ya kunde sakafuni.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Bi Imogene. "Jina la mtu yeyote anaweza kuliandika. Sheria inamtaka mwenyewe. Asaini kwa mkono wake, mbele ya macho yako. Awe amejiandikisha kupiga kura katika kaunti hii. Aandike anwani anayokaa na tarehe ya siku ile ile. Kisha wewe unaapa kwamba ulimwona kila mmoja akisaini. Ukiiapia karatasi hii, umeapa uongo, na kumsainia mwenzako ni kosa la jinai."

"Humo mna sahihi kumi na tisa."

"Iweke kando yote. Anza upya."

"Na wewe utasaini, Bi Imogene?"

"Lete. Kunywa sinywi, ila kuulizwa napenda."

Nadine alianza upya. Ofisi ya karani ilimpa orodha ya wapiga kura, naye akaenda nyumba kwa nyumba. Kwa Clyde, mkewe alitoka jikoni, akaisoma karatasi hadi mwisho, akairudisha.

"Mimi sitaki," alisema.

Clyde akamtazama. "Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Nadine alimshukuru, akaenda mlango wa pili.

Jumapili akamwekea mama yake karatasi mezani. "Mama, ungependa kusaini? Ukikataa sitakasirika."

Wanda alisoma polepole. "Kule nimeona watu wakipata kazi. Nimeona pia baba mmoja akimpandisha mtoto garini, naye mwenyewe hawezi kusimama. Yote mawili nimeyaona." Akashika kalamu. "Bado nataka kulala kwangu."

Alipomaliza, Otis akanyoosha mkono. "Nipe hiyo. Siku ya kura nitasema hapana, tusidanganyane. Lakini hapa tunaomba watu waulizwe tu. Hilo Vernon mwenyewe asingelikataa."

Karani alizihesabu sahihi, zikatosha. Novemba watu wakapiga kura. Waliosema ndiyo waliwazidi wenzao kidogo tu.

Mwaka uliofuata mkahawa ulifunguliwa katika lile ghala, na Wanda akapata zamu ya mchana. Otis hakunywa huko kitu zaidi ya chai baridi. Lakini kila Jumamosi aliliegesha gari lake mlangoni, akimrudisha nyumbani yeyote asiyefaa kuendesha. Njiani hakumhubiria mtu.

Wakati huo Nadine alikuwa amehamia chuo kikuu, mwisho mwingine wa jimbo. Jumanne moja jioni alipiga simu.

"Mnakula nini?"

"Kunde," alisema Otis. "Mama yako ameziunguza."

"Sikuziunguza!" Sauti ya Wanda ilitoka jikoni.

Nadine aliikandamiza simu sikioni. Alisikia kijiko kikigonga sufuria, na kiti kikivutwa.

"Mmepanga sahani ngapi, Baba?"

Otis aliitazama meza.

"Tatu," alisema. "Ndiyo nairudisha moja sasa hivi."