Sisimizi wa Kileleni

Kila siku Hana aliamka alfajiri, akachota maji, akafagia uwanja, akanywa uji na kushika njia ya shule. Alikuwa darasa la sita katika kijiji kimoja cha milimani, juu ya Kibakwe. Mama yake, Angelina, alilima karanga na alizeti. Mwaka huo mvua zilikatika mapema, na watu walikuwa wameanza kupima unga kwa jicho la woga.

Wakati wa likizo ya Juni alikuja mgeni kutoka Dodoma mjini. Aliitwa Dokta Miriam, mtafiti wa wadudu. Aliwatafuta sisimizi wadogo mno wanaoishi chini ya majani makavu msituni. Mwalimu mkuu alimpa wasaidizi wawili: Gladness, kwa macho yake makali, na rafiki yake Hana, kwa mwandiko wake mzuri.

Kazi ilikuwa kuchekecha majani yaliyooza, kuokota sisimizi kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa, na kuwatia ndani ya kichupa chenye spiriti. Wengine walikuwa wadogo kuliko punje ya ufuta.

"Kila kichupa kina kikaratasi chake," Dokta aliwaambia. "Andikeni mahali, tarehe na jina la aliyeokota. Tumieni penseli, maana spiriti hufuta wino. Na mwandike palepale mnapookota, msingoje kufika nyumbani."

Siku ya mwisho Dokta aliitwa kwenye ofisi ya kijiji. Wasichana waligawana kazi: Gladness akashuka korongoni, Hana akapanda kileleni. Kule juu upepo ulikuwa mkali na vidole vya Hana vilikufa ganzi. Akaona uvivu kuandika. Walipokutana njiani alimwambia mwenzake, "Nipe na kichupa chako. Nitaandika vyote nyumbani."

Alipofika uwanjani kwao aliweka sinia lenye vichupa juu ya mkeka, akaingia ndani kutafuta penseli. Aliporudi, mbuzi alikuwa amelipiga teke sinia. Vichupa viwili vilikuwa vimebingirika mavumbini. Hana aliviinua, akavitazama kwenye jua. Kila kimoja kilikuwa na vidoa vidogo vya kahawia chini, basi. Kipi cha korongoni? Kipi cha kileleni? Hakujua.

Akakisia. Kwa mwandiko wake mzuri aliandika "Korongoni, Gladness" kwenye kimoja, na "Kileleni, Hana" kwenye kingine. Dokta alivipokea, akamsifu, akaondoka.

Mwezi Agosti Dokta alimpigia simu mwenyekiti wa kijiji, Mzee Batholomeo. Katika kichupa cha korongoni kulikuwa na sisimizi watatu asiowahi kuwaona. Chini ya hadubini walikuwa na vichwa vipana, macho madogo kama nukta, na miiba miwili mifupi mgongoni. Alikuwa amewalinganisha na sisimizi wote waliohifadhiwa mjini, asipate wa kufanana nao. Aliomba korongo liachwe hadi atakaporudi kutafuta wengine.

Mkutano wa kijiji ulikuwa mgumu. Watu walitaka mashamba mapya, kwa kuwa ya zamani yalikuwa yamechoka na njaa ilikuwa mlangoni. Mwishowe walikubaliana: korongo lisiguswe, msitu wa kileleni ufyekwe na kuchomwa kwa ajili ya alizeti.

Hana alikuwa amekaa chini karibu na mama yake. Huenda nilipatia, alijiambia. Na nikisema leo, watu wote hawa watanicheka. Akainamisha kichwa, akanyamaza.

Septemba kilele kiliwaka siku tatu. Moshi ulishuka hadi shuleni, wakasoma huku wakikohoa.

Dokta Miriam alirudi mwezi Oktoba. Alichekecha majani ya korongoni siku tano, asubuhi hadi jioni. Hakumpata hata mmoja mwenye miiba miwili. Aliowakuta ni sisimizi wa aina nyingine, tele, walewale waliokuwa kwenye kichupa kilichoandikwa "Kileleni".

"Gladness, una hakika uliokota hapa?" aliuliza mbele ya mwenyekiti.

"Haki ya Mungu, Dokta. Hapa hapa, chini ya jiwe hili."

Mzee Batholomeo alikasirika. "Tumeacha ardhi nzuri, watu wana njaa, kwa ajili ya uongo wa mtoto?"

Habari zilienea kama moto wa nyasi. Gladness akaitwa mwongo kisimani, akaitwa mwongo darasani. Baba yake alimkataza kutoka nje ya ua. Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, Hana alimega tonge la ugali, akalirudisha sahanini. Machozi yakamtoka, akamweleza mama yake kila kitu.

Mama yake aliusogeza ugali kando. Kisha alinawa mikono. "Simama. Tunaanzia kwa Gladness."

Mchana ule, mbele ya Gladness na baba yake uani kwao, na mbele ya Dokta na mwenyekiti walioitwa, Hana alisema yote: uvivu, mbuzi, kukisia, na siku ile ya mkutano. Hakuna aliyempigia kelele. Gladness alimtazama tu, akageuka na kuingia ndani.

Walipanda kileleni. Palikuwa na visiki vyeusi na majivu yaliyofika kwenye vifundo vya miguu. Dokta alipiga magoti, akachekecha kutwa nzima, na siku ya pili pia, kuzunguka miamba na kwenye kila ufa wenye jani kavu. Hakupata kitu.

"Wamekwisha wote?" Hana aliuliza.

"Sijui," alijibu Dokta. "Kwa hiyo sitaandika kwamba wamekwisha. Nitaandika kwamba waliokotwa hapa Juni, msitu ukachomwa Septemba, na Oktoba nilitafuta siku mbili nisiwapate. Nitaandika maelezo ya aina hii mpya kwa kutumia hao watatu nilio nao."

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Mzee Batholomeo alimwomba Gladness radhi hadharani. Korongo liligawanywa kuwa mashamba. Badala yake kijiji kilikubali kuacha kipande cha msitu kilichosalia nyuma ya miamba ya kileleni, mahali moto haukufika, hadi Dokta akichunguze baada ya mvua. Hana alikwenda kwa kina Gladness mara tatu kuomba msamaha. Mara ya tatu alifunguliwa mlango.

Kabla ya kuondoka, Dokta Miriam alimwita Hana.

"Mbuzi kupiga sinia ni bahati mbaya," alisema. "Ungekuja siku ile ukaniambia, 'Dokta, sijui kipi ni kipi,' ningekukaripia kidogo, kisha tungepanda tena, mimi na wewe, tukaokota wengine. Msitu ulikuwa bado umesimama. Kusema hujui si aibu, mwanangu. Mimi nasema hivyo kila siku katika kazi yangu. Lakini ukificha kutojua kwako, mwingine ataujenga uamuzi wake juu ya uongo huo, na siku utakapousema ukweli, huenda usirudishe kilichoungua."

"Nimeelewa, Dokta," alisema Hana.

Hakuomba kufarijiwa.