Farasi Mbichi Tanurini

Masomo yalipokwisha alasiri, Imogen Colclough hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia karakana ya ufinyanzi iliyokuwa nyuma ya stesheni ya Longton, akavua koti lake lililolowa mvua, akavaa aproni. Zamani jengo lile lilikuwa kiwanda cha vikombe. Kiwanda kilipokufa, watu wa mtaa walilisafisha, wakaweka meza ndefu na tanuri moja la umeme. Aliyetaka kufinyanga aliingia, awe fundi au asiwe fundi.

Jumanne hiyo Imogen alikuwa akimalizia farasi wake. Alitaka farasi huyo aonekane kwenye maonyesho ya Jumamosi.

"Huyo ni farasi au kiboko?" aliuliza rafiki yake, Keeley. "Tumbo lote hilo!"

"Kwani wewe kikombe chako kimesimama wima?" Imogen alimjibu, nao wakacheka.

Bi Shazia, msimamizi wa karakana, alikuja akamgusisha farasi shavuni mwake mwenyewe. "Bado ana ubaridi," alisema. "Ana maji tumboni. Ataingia tanurini wiki ijayo."

"Lakini Bi Shazia, maonyesho ni Jumamosi!"

"Najua, mwanangu. Udongo ndio haujui." Alimweka farasi kwenye rafu ya vitu vibichi, akaenda kupokea simu.

Kwenye rafu ya pili, ya vitu vilivyokauka, kilikaa chungu kirefu chenye kifuniko. Kilikuwa cha Mzee Wilf, aliyekuwa dereva wa basi hadi alipostaafu. Mkewe, Doreen, alifariki wakati wa baridi, mwili wake ukachomwa, na mzee hakutaka majivu yake yakae ndani ya chombo cha dukani. Alikuwa hajawahi kushika udongo maishani. Vyungu vyake vingi vilianguka kabla hiki hakijasimama.

Imogen alitazama huku na huku. Alimchukua farasi wake, akamsogeza taratibu hadi kwenye rafu ya pili, kando ya chungu kile. Keeley alimwona, akaendelea na kikombe chake. Jioni Bi Shazia alipakia tanurini vyote vya rafu hiyo bila kuvikagua tena.

Alhamisi Imogen na Keeley walipofika, watu walikuwa wamelizunguka tanuri. Mlango wa tanuri ulikuwa wazi, na ndani mlikuwa na vigae vitupu.

"Kuna kitu kimepasuka," alisema Bi Shazia kwa sauti ya chini. "Kilikuwa na maji ndani, kikalipuka na kuvunja vya jirani. Siwezi kujua ni kipi."

"Ni changu," alisema Mzee Wilf. Alikuwa ameshika kipande cha kifuniko. "Jumapili nilikibandika upya mkono wake wa kushikia. Nilidhani umekauka. Nisameheni, jamani. Nimewaharibia kazi zenu."

"Hapana, Wilf, usiseme hivyo," alisema Bi Shazia.

"Nasema kweli. Mikono hii imezoea usukani, haijui udongo." Alikunja aproni yake, akaiweka mezani, akatoka bila kofia mvuani.

Keeley alimvuta Imogen pembeni. "Nyamaza tu," alinong'ona. "Nani atajua? Hata farasi wako amevunjika."

Basi alinyamaza. Lakini jioni aliacha chakula mezani, na mama yake alipomuuliza kama anaumwa, alishindwa hata kudanganya. Alijibu kwamba ana jambo la kumaliza kesho.

Siku iliyofuata alibisha hodi kwa Mzee Wilf. Mzee alifungua akiwa na soksi tu miguuni.

"Ingia, binti, usisimame mvuani."

"Siingii, mzee, mpaka nikwambie." Machozi yalimtoka. "Chungu chako kilikuwa kikavu. Ni farasi wangu. Bi Shazia alinikataza, nikamsogeza mwenyewe kwa siri."

Mzee Wilf hakumgombeza, wala hakumwambia si kitu.

"Tangu jana," alisema, "najiambia kwamba nimemshindwa Doreen hata kwa jambo hili dogo. Ulinisikia nikijilaumu mbele ya watu, ukaniacha?"

"Ndiyo, mzee."

"Hilo ndilo lililoniuma, binti. Chungu ni udongo tu." Alivaa viatu. "Haya, twende ukaseme kulekule karakanani."

Imogen alisema mbele ya wote. Wengine walikasirika waziwazi, na mama mmoja aliyepoteza sahani zake alimpa mgongo. Bi Shazia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jumamosi hutaonyesha kitu," alisema. "Na kuanzia leo utamkandia Mzee Wilf udongo mpaka apate chungu kingine."

Alikanda kwa majuma mengi, viganja vikamuuma. Mwanzoni mzee hakuzungumza naye sana. Baadaye alianza kumsimulia habari za Doreen, jinsi alivyopanda basi lake kila asubuhi kabla hawajaoana, akidai chenji isiyokuwapo ili wapate kuongea.

Siku ile chungu kipya kilipotoka tanurini kikiwa kizima, hakuna aliyepiga makofi. Mzee Wilf alikipokea kwa mikono miwili, akakishikilia kifuani.

Bi Shazia alimwekea Imogen mkono begani. "Hapa hakuna mwenye uwezo wa kununua tanuri lake," alisema. "Ndiyo maana tunachoma pamoja, kazi ya mmoja imegusana na ya mwenzake. Ukificha kosa lako humu, mwingine ndiye atakayelibeba. Ukilisema mapema, tutalirekebisha pamoja."

"Nimeelewa, Bi Shazia."

Mzee Wilf aligeuka mlangoni. "Kesho tunamhamishia Doreen kwenye nyumba yake mpya, chungu hiki," alisema. "Njoo na wewe, Imogen. Udongo wake umeukanda wewe."