Moto wa Shangazi Mukamurenzi

Jua lilikuwa linaelekea ziwani nilipotoka Mbugangari na kilo mbili za unga wa mtama, chumvi kidogo, na mwanangu wa miezi mitano mgongoni. Ilikuwa mwaka 1956, mwezi wa mvua. Nilikuwa nampelekea chakula shangazi yangu Mukamurenzi, aliyelala mgonjwa peke yake kule Nengo.

Mama hakutaka niende.

"Yule alimaliza ndugu zake wote, hata baba yako," aliniambia. "Na we unamupelekea mutoto?"

Nilikwenda. Baba alikuwa akimpenda dada yake huyo. Babu yetu Sebagabo alizaa watoto kumi na wawili, wa kwanza kabla Wazungu hawajapigana vita yao ya mwanzo. Shangazi alikuwa wa tano. Wale wengine kumi na mmoja walikufa mmoja mmoja, miaka na miaka, na kila mmoja alikufia mikononi mwake. Yeye ndiye aliyewauguza, akawaosha, akawafunga sanda. Mwanamume wa Mahoko alikuja kumposa akiwa bado msichana. Akamkataa. Alisema hatazaa mtoto wa kumzika. Basi watu wakaongeza hilo nalo, wakamwita mchawi.

Nilimkuta amelala kwenye mkeka, amekonda, uso kwa ukuta. Nyumba ilikuwa baridi kama kisima. Jikoni hamkuwa na hata jivu la siku ile. Mwanangu alikuwa anatetemeka. Nikatafuta kuni, nikatoa kiberiti changu, nikawasha moto niwapikie uji.

Moshi ulipopenya kwenye nyasi za paa, Shangazi aligeuka ghafla.

"Nani aliwasha moto?"

"Ni mi, Shangazi. Mutoto alisikia baridi."

"Jua limeshazama?"

Nikachungulia nje. Lilikuwa limezama sasa hivi tu.

"Zima. Zima mbio, Drocella!"

Niliinua mtungi wa maji...

"Hodi."

Sauti ya mwanamke. Laini. Ya mtu aliyechoka na njia.

"Hodi, wenye nyumba. Naomba moto. Mutoto wangu anasikia baridi."

Nilifungua kinywa kujibu, kama yeyote angejibu. Jirani kuomba kaa la moto ni jambo la kila siku. Shangazi, ambaye nilimkuta hawezi hata kukaa, aliruka kutoka mkekani na kuniziba mdomo kwa kiganja.

"Usimujibu," alininong'oneza. "Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Mama alikwenda kuteka maji. Huyu mwanamuke akaja, saa kama hii, na mutoto mugongoni. Nikamupa moto. Kesho yake ndugu yangu mudogo akakufa. Toka siku ile, moto ukiwaka humu jua likizama, anakuja. Tumupe, tusimupe, anaondoka na mutu."

"Na baba?"

"Baba yako alikuja kunitembelea. Alitaka chai."

Harufu ikaingia chini ya mlango. Jivu lililomwagiwa maji. Nywele mbichi. Nje hapakuwa na mvua.

Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Nikaona mgongo wake, kwa maana alisimama ametupa kisogo. Kitambaa cha kubebea mtoto kilikuwa kimefungwa vizuri, kimekazwa chini ya makwapa, kama ninavyofunga mimi.

Ndani ya kitambaa hamkuwa na kitu.

Lakini kitambaa kilikuwa kinapumua.

Wakati huohuo mwanangu aliacha kutetemeka. Nilimvuta kutoka mgongoni. Midomo ilikuwa ya bluu, miguu baridi kama samaki. Nilimtikisa. Nilimwita. Macho yalikuwa wazi na hayakuniona.

"Shangazi! Anakufa!"

Alimtazama mtoto. Akanitazama mimi. Sijawahi kuona uso umetulia vile. Akachukua kigae, akakokota kaa moja kubwa jekundu, akajifunga kitenge vizuri kama mtu anayekwenda misa.

"Nimewazika kumi na mmoja," alisema. "Huyu hapana."

Akafungua mlango.

"Mama, moto ni huu. Lakini leo sitakupa mukononi. Nitakubebea mi mwenyewe, mpaka kwako."

Ile sauti ikajibu, taratibu:

"Kwangu ni mbali."

"Twende."

Nilisikia nyayo zikishuka shambani kati ya migomba. Za mtu mmoja tu. Mwanangu akavuta pumzi, akalia kwa nguvu, na joto likamrudi. Nami sikutoka nje. Ninasema ukweli: nilifunga mlango, nikakaa nimemkumbatia mpaka asubuhi.

Kulipokucha nilimwita jirani wa Shangazi, mzee Hitimana. Tulifuata nyayo mpaka kwenye shimo la mazuku, chini ya shamba. Ni bonde dogo la mawe meusi. Hewa mbaya hutoka ardhini pale, haionekani wala hainuki, na mbuzi akishuka humo hapandi tena. Shangazi alikuwa amelala chini, ubavu, mkono chini ya shavu. Hana jeraha.

"Upepo mubaya," Hitimana alisema. "Usishuke."

Akafunga mwenge kwenye mti mrefu na kuuteremsha polepole. Kabla haujafika chini ulizimika, kama mtu ameupuliza. Akauwasha tena. Ukazimika tena. Muuguzi wa zahanati, aliyekuja baadaye, alituambia hivyo hivyo: humo moto hauwezi kuishi, wala mtu.

Tulimvuta Shangazi kwa kamba yenye kulabu. Kigae kilibaki kule chini, na wote watatu tulikiona.

Kaa lilikuwa bado jekundu.

Muuguzi alivua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena. Hakuandika lolote kuhusu hilo.

Tulimzika siku ileile. Mama yangu alikuja, akapiga magoti kwenye udongo, akalia kuliko sisi wote, akimwomba msamaha kwa jina. Kisha wanaume wakalijaza lile shimo la mazuku. Mawe waliyabeba kutoka ufukweni, yangali yanadondosha maji, kikapu baada ya kikapu, mpaka juu.

Jioni niliweka kiganja juu ya yale mawe, pale alipofia, nimuage.

Yalikuwa yamekauka. Na yalikuwa ya moto.