Msemaji Aliyeishiwa na Pumzi

Gachau aliishiwa na pumzi mbele ya watu themanini.

Ilikuwa Mwiki, Jumamosi mchana, kwenye ruracio, yaani siku ya kujadili mahari. Gachau alikuwa msemaji wa ukoo wao. Siku za kawaida aliuza chakula cha kuku Makongeni, Thika. Lakini palipokuwa na mahari, ukoo mzima ulikaa nyuma yake, naye akasimama kuwasemea. Siku hiyo alisimama, akasalimu wenyeji, kisha moyo ukaanza kudunda kama unataka kutoka kifuani. Vidole vikafa ganzi. Jasho likamtiririka. Alijua kabisa kwamba anakufa.

Walimkimbiza hospitali. Daktari akampima moyo kwa mashine, akampima damu, akarudi na karatasi mkononi.

"Mzee, moyo wako ni mzima. Umepatwa na shambulio la hofu."

"Hofu? Mimi ninamwogopa nani?"

Daktari alimwambia arudi kliniki baada ya wiki moja. Hakurudi. Mwanaume mzima aende hospitali kusema anaogopa? Aliamua mwenyewe kwamba ni presha, na kwamba ile mashine ni mbovu.

Tangu hapo aliishi akijisikiliza. Akipanda ngazi, anashika kifua. Akinywa chai, anahesabu mapigo ya shingo. Dukani alianza kufunga saa nne asubuhi, kisha akaacha kufungua kabisa. Kanisani alikaa karibu na mlango, kisha akaacha kwenda. Watu walisema yao. Wengine walisema alikuwa amelewa. Wengine walisema amelogwa.

Na ruracio ya Emmah ilikuwa imebakiza wiki sita. Emmah alikuwa binti wa marehemu kaka yake. Kaka huyo, siku zake za mwisho, aliomba jambo moja tu: "Siku ya Emmah, sema wewe." Gachau alikubali akiwa amemshika mkono.

"Tafuteni mtu mwingine," alimwambia mke wake, Wakonyo.

"Nani? Ndegwa? Yule akishika maikrofoni anasahau hata jina la msichana!"

"Nikianguka tena mbele za watu?"

"Tutakuinua, Baba Shiko."

"Wewe hujui inavyokuwa."

Mama yake Gachau, ambaye waliishi naye, alikuwa na dawa za presha. Gachau akaanza kuiba kidonge kimoja kila asubuhi, eti cha kuzuia. Siku ya tisa aliinama kunawa uso. Alipoinuka, macho yakaingia giza. Mdomo wake uligonga ukingo wa tangi la maji, jino la mbele likang'oka.

Wakonyo alipiga kelele. Jirani yao Ajwang akaja mbio na mkoba wake. Ajwang ni mhudumu wa afya ya jamii. Huzunguka nyumba za mtaa akipima watu presha na sukari. Alimlaza Gachau chini, akamwinua miguu, akamfunga mashine mkononi.

"Tisini kwa hamsini, iko chini sana. Yawa! Jirani, umekunywa nini?"

Gachau aligeuza uso pembeni.

"Nitamwaga hilo pipa la takataka hapa mbele ya mke wako, nione umemeza nini. Unanijua."

"Dawa ya mama," Gachau alisema, damu ikimtoka mdomoni.

"Ya cucu, yule bibi mzee? Kwa hivyo yeye anaikosa, na wewe inakuangusha! Dawa ya mtu ni ya mtu. Amka polepole, tunaenda kituo cha afya."

Huko kituoni daktari alimpima tena. Akamwambia aache vidonge hivyo mara moja. Presha hakuwa nayo. Akampa siku ya kuonana na mshauri, mtu wa kuzungumza naye kila Alhamisi.

Kesho yake Ajwang alikuja kumtazama. Alivuta stuli, akaketi.

"Hofu ilipokupata kule Mwiki, ulitaka kufanya nini?"

"Kutoka."

"Na sasa unatoka kila mahali hata kabla haijaja. Ulitoka dukani, ukatoka kanisani. Umebaki na chumba kimoja. Ukitoka na humu, utaenda wapi?"

Gachau alicheka kidogo, akakumbuka pengo la jino, akafunga mdomo.

"Sikiliza," Ajwang alisema. "Mbwa wa boma hubweka akiona mwizi. Wakati mwingine hubweka akiona paka. Mwili wako ulibwekea paka. Kelele ni ya kweli, lakini mwizi hayuko. Ikija, usikimbie. Kaa. Kanyaga chini uisikie sakafu. Vuta pumzi polepole kwa pua ukihesabu nne. Itoe ukihesabu sita. Itapanda, kisha itashuka yenyewe."

"Na kama ni moyo kweli?"

"Ndiyo maana ulipimwa kwanza. Kifua kikianza kuuma kwa njia mpya, nenda hospitali. Usikae hapa ukihesabu. Na siku ukiona afadhali ufe, niambie siku hiyo hiyo, saa yoyote."

"Sijafika huko."

"Vizuri. Basi anza kidogo kidogo. Kesho fungua duka kwa muda wa saa moja tu. Na upunguze ile chai nyeusi kama lami."

Gachau alifungua duka kwa saa moja. Siku ya tatu alifungua kwa saa mbili. Alhamisi alienda kwa mshauri, hakusema mengi. Alhamisi ya pili alisema juu ya kaka yake, akalia. Wiki ya nne aliombea chakula mbele ya wageni watano. Kanisani hofu ilimjia katikati ya mahubiri. Hakutoka. Alikanyaga chini, akahesabu, na mahubiri yakaisha yeye akiwa bado kwenye kiti.

Siku ya Emmah ikafika. Walikutana Ngoliba, nyumbani kwa marehemu kaka yake, ndani ya hema. Wageni walitoka Githurai. Msemaji wao, Chege, alitaja idadi ya mbuzi, akaketi akitabasamu.

Gachau alisimama kujibu. Moyo ukaanza. Vidole vikafa ganzi. Alitazama mlango wa hema, hatua sita hivi.

Hakuenda. Aliketi. Nne. Sita. Nne. Sita. Hema lote likanyamaza.

"Mzee amekasirika," mgeni mmoja alinong'ona.

"Si nilisema mbuzi ni wachache?" mwenzake akajibu.

Chege akainuka haraka. "Wenyeji, tusifike huko! Tunaongeza wawili."

Akina mama wakapiga vigelegele. Gachau alipumua mara ya mwisho, akasimama.

"Asanteni," alisema. "Na bado sijasema neno."

Hema likalipuka kwa kicheko. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikakaa. Alisema kwa niaba ya kaka yake mpaka mwisho.

"Baba mdogo, uliwatisha watu!" Emmah alimwambia baadaye.

"Mimi ndiye niliyekuwa nimetishika," alijibu.

Hofu bado humjia mara moja moja. Huketi, ikapita.

Lakini kuificha kulimgharimu. Alipoteza jino moja la mbele. Mama yake alikosa dawa siku tisa. Duka lilifungwa siku ishirini na tatu. Wateja watatu walihamia duka la ng'ambo ya barabara, na mpaka leo hawajarudi.