Gurudumu Lililomsingizia Nafula

Kila asubuhi Nafula alikoroga uji, kisha akampelekea mumewe kikombe karakanani. Mumewe, Phanuel, ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Shianda. Malango mengi ya soko letu ni kazi ya mikono yake.

Taabu ilianza alipoona video kwenye simu. Mtu fulani alidai kwamba sumaku zinaweza kuzungusha gurudumu daima, bila mafuta wala umeme. Phanuel akachukua ringi ya baiskeli. Akabandika juu yake sumaku za spika mbovu za redio, na nyingine kwenye fremu iliyolishika gurudumu. Akalisukuma. Gurudumu likazunguka, likapunguza mwendo, likasimama. Kila siku ilikuwa hivyo, na kila siku alikuwa na sababu mpya.

Siku moja lilisimama Nafula akiwa mlangoni na uji.

"Mama Sammy, wewe uko na jicho," Phanuel alisema. "Hii gurudumu inasimamanga ukiitazama."

Wateja walisikia. Kwetu neno hilo si mzaha. Mtu wa jicho akitazama chakula, watu husema mlaji ataumwa tumbo. Akitazama mtoto, husema mtoto ataugua. Haikupita muda, akina mama wa chama chake cha kuweka akiba wakaanza kufunika watoto wao kwa leso Nafula alipopita. Akaacha kwenda chamani. Uji akawa anauacha nje ya mlango, na Phanuel hakuuliza kwa nini. Inauma kusema, lakini alifurahi kupata utulivu.

Jirani yao Winrose hufundisha fizikia katika shule ya sekondari. Alipokuja kuchukua lango lake, Phanuel alimweleza kwa fahari nadharia yake, kwamba gurudumu litazunguka daima lisipotazamwa na mtu wa jicho.

"Baba Sammy, likisimama utasema nini?" Winrose aliuliza.

"Kuna mtu wa jicho karibu."

"Na kama hakuna mtu?"

"Basi ako mbali, lakini anafikiria mbaya."

"Kwa hivyo hakuna siku gurudumu linaweza kukuambia umekosea. Hiyo bado si nadharia ya sayansi. Nadharia husema mapema ni jambo gani likionekana, yenyewe itakuwa imeanguka. Halafu hupimwa, tena na tena."

Phanuel alikubali kupima. Alisema mapema, kwa kinywa chake, kwamba Nafula asipotazama, gurudumu halitasimama.

Phanuel alibaki ndani na gurudumu. Winrose na Nafula walikaa nje, nyuma ya ukuta wa mabati. Mara nyingine Nafula alichungulia kwenye tundu la msumari, mara nyingine alienda jikoni. Phanuel hakujua ni lini. Walirudia mpaka mkono wake ukachoka. Gurudumu lilisimama kila mara. Na lilipozunguka kwa muda mrefu kuliko mara zote, Nafula alikuwa kwenye tundu, akilitazama.

Winrose alimweleza kwamba sumaku inayovuta gurudumu likija ndiyo hulivuta nyuma likienda. Msuguano wa vyuma na hewa humaliza ile nguvu ya kusukuma. Hakuna jicho ndani yake.

Phanuel alikaa chini. "Nimekuharibia jina, Mama Sammy," alisema.

Alhamisi Phanuel alienda chamani pamoja na mkewe. Alisimama mbele ya akina mama akasema kwamba neno lile lilikuwa uongo, na kwamba yeye ndiye aliyelizua. Aliwaeleza jinsi walivyopima. Wengine waliinama kwa aibu. Adhiambo, ambaye mtoto wake alikuwa bado mchanga, aliinuka akamweka mtoto mikononi mwa Nafula.

Nafula alimpokea. Alimshika vizuri, kama mama aliyelea wake. Lakini uso aliugeuza, akatazama barabarani, kama anayeliogopa jicho lake mwenyewe.

"Mwangalie tu, Mama Sammy," Adhiambo alimwambia.

"Nitamwangalia," Nafula alisema. "Ngoja kwanza."

Phanuel aliona. Wote wakangoja.